Bwana Shauri Yupi?

Loise alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani mwake, nao haukuwa homa wala tumbo. Hakuweza kuona kitu asikipe jina. Alizaliwa Ndera, huko juu ya mto, akaolewa huku chini, kijiji kimoja karibu na Minjila, na tangu siku aliyoshuka kwenye mtumbwi wa harusi kijiji kizima kikaanza kubatizwa upya. Kengele ya kanisa aliiita Mama Mkwe, kwa kuwa ilimwamsha mtu kabla usingizi haujamtosha na haikukubali udhuru. Pantoni ya Garsen, ile ya kuvusha watu na magari, aliiita Inshallah, maana ukimuuliza mwenye kuiendesha itavuka lini, jibu lilikuwa hilo hilo. Mzee wa kijiji, mtu mzito wa kukata mashauri, akaitwa Kesho. Mwenyewe alipopata habari alisema atakasirika kesho, na jina likamkaa.

Mumewe aliitwa Jotham, mkulima, mtu wa mabega na sauti. Sauti hasa. Jotham hakujua kunong'ona. Hata akisali moyoni, mbuzi waliokuwa nje waligeuza shingo. Walikuwa na binti mmoja, Sarah, aliyekwisha kuolewa, kwa hiyo watu waliwaita Mama Sarah na Baba Sarah, na wao wenyewe wakaitana hivyo hivyo, kwa upole wakipatana na kwa ukali wakigombana.

Mwaka ninaousimulia mpunga ulikubali kweli kweli. Mto ulifurika kwa adabu, ukarudi kwa adabu, ukaacha tope jeusi zuri, na mashamba yakasimama yakinukia. Kisha akaja kiboko. Dume kubwa, na jike lake, na kitoto chao. Jua likitua tu, hao wanapanda kutoka mtoni, wanaingia mpungani. Watu walipiga madebe, walirusha vijinga vya moto, walitukana kwa Kipokomo na kwa Kiswahili. Kiboko alikuwa akisimama kidogo, anasikiliza, halafu anaendelea kula.

Jioni moja Loise alikuwa amekaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti wanalokaa watu kulinda mashamba, akamtazama kwa makini yule dume. Akasema, “Hebu tazameni, jamani. Anapita katikati ya mashamba ya watu, anageuza kichwa huku na huku kama anayekagua. Anaonja kwa huyu, anaonja kwa yule. Haulizi mtu, hashukuru mtu. Bwana Shauri yuko safarini.”

Lo! Waliokuwa juu ya madungu mengine walicheka hadi jirani mmoja akaponyoka, akaanguka matopeni. Kwa asiyejua, zamani hizo za Waingereza, Bwana Shauri ndiye aliyekuwa mzungu wa serikali pale Garsen, wa kukata kesi, kudai kodi na kukagua vyoo, na alikuwa akitembea vijijini vivyo hivyo, kofia mbele na askari nyuma. Jina likavuka mto. Haikupita muda, hata wafugaji wa Kiorma waliokuja kunywesha ng'ombe ng'ambo walikuwa wakiulizana kama Bwana Shauri ameshatoka majini, ili wasije wakakutana naye.

Sasa nikwambie saa yenyewe ilivyokuwa mbaya kwa mzaha wa namna hiyo. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Vita vya Mau Mau vilikuwa mbali, huko bara kwenye baridi, lakini hofu yake ilishuka pamoja na mto. Huko juu zilijengwa kambi za kuwafungia watu bila kesi, na serikali ikawa inaogopa kila kitu: watu kukutana bila ruhusa, watu kuapishana, mgeni kulala kwa mtu asiyejulikana. Ikaweka masikio yake kila penye watu wengi. Nani alikuwa sikio, hakuna aliyejua, na watu wa Garsen, kusema kweli, hawakujisumbua kufikiria. Wangefikiria nini? Mambo yao yote waliyasema kwa sauti, tena barazani.

Baraza kubwa kuliko zote ilikuwa ya Bulle Warsame, Msomali mwenye duka, mtu mkimya mwenye ndevu nyekundu za hina, aliyeuza sukari na kitambaa na kuwapikia watu chai nzito yenye tangawizi. Hapo palikaa mkulima na mfugaji, mwenye mpunga na mwenye maziwa. Pembeni, mgongo ukutani, alikaa Gollo, fundi wa makubadhi, ambaye kutwa nzima alikuwa ameuma sindano midomoni, hasemi neno ila kumwambia mtu atoe mguu apimwe.

Siku moja Jotham aliingia pale na jua kali, ameudhika, mpunga wake umelazwa tena. Hata hajaketi akaanza.

“Huyu Bwana Shauri sasa amezidi! Kila jioni yuko kwetu. Anakula, anakanyaga, anakwenda zake. Lakini safari hii atatutambua. Shimo tumechimba, mikuki tumenoa. Jumamosi akija, tunammaliza.”

“Na mkewe je?” mtu mmoja akauliza huku akicheka.

“Na mkewe! Na kitoto chao! Tukibakiza hata mmoja atarudi.”

Watu wakaangua kicheko, Bulle akaongeza chai, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya ng'ombe. Maskini Jotham hakujua jambo lililojulikana bomani tu. Bwana Shauri, huyu wa suruali fupi na soksi ndefu, mgeni aliyefika majuzi akiwa na mke kijana na mtoto mchanga, alikuwa amepanga kuzuru upande wa Minjila Jumamosi hiyo hiyo.

Kesho yake mchana, Jotham akiwa anaziba ua wa shamba, walikuja askari na koplo wao. Hawakumpiga, nisiwasingizie. Walimwambia weka jembe chini, akaliweka. Alipouliza kosa lake, koplo alisema, “Maneno mabaya,” basi, akafungwa pingu akaenda. Loise alirudi kutoka mtoni na mtungi kichwani akakuta jembe limelala peke yake, na majirani wamesimama mbali wakitazama miguu yao.

“Maneno gani?” akauliza. Hakuna aliyejua. Na kile alichokiona machoni mwao kilimshtua kuliko pingu zenyewe, maana kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, akipima.

Loise alijifunga kanga ya pili kiunoni, akashika njia ya Garsen.

Alipitia kwanza kwa Bulle, akijua kwamba habari yoyote ya mji ule ilikuwa lazima imeshakunywa chai pale. Akakuta baraza imejaa watu na hakuna sauti. Wamekaa, wamekodoa macho vikombeni.

“Bulle, ndugu yangu, mume wangu amesema nini?”

Bulle akamwangalia kwa huruma, akaangalia mlangoni, akaangalia ukutani. “Mama Sarah, mimi sijui kitu. Mimi nauza sukari tu. Kaa, kunywa chai, halafu enda pole pole.”

“Pole pole wakati mume wangu yuko ndani?”

“Pole pole,” akarudia Bulle, akimmiminia kikombe. Loise hakuigusa ile chai. Aliondoka na hasira yake.

Ofisi ya Bwana Shauri ilikuwa nyumba ya bati yenye kibaraza kilichotazama kivuko cha pantoni, na nyuma yake nyumba anayoishi na familia yake. Uani palisimama lori la serikali, dereva anamimina maji kwenye rejeta. Koplo, bwana mmoja wa masharubu yaliyochongwa, alikuwa mlangoni.

“Mama, rudi nyumbani. Huyu anapanda lori leo leo kwenda kambini. Huko ataulizwa.”

“Ataulizwa nini? Amefanya nini?”

Koplo akanyoosha kifua. “Amekula njama ya kumuua Bwana Shauri. Tena na mkewe na mtoto. Wamechimba shimo, wamenoa mikuki. Amesema kwa kinywa chake.”

Loise akafungua mdomo alie, na badala ya kilio kikatoka kicheko. Wacha! Alicheka akashika ukuta, alicheka akakaa chini, machozi yakamlowesha kanga. Dereva akaacha kumimina maji. Koplo akarudi nyuma, kwa sababu hakuwahi kumwona mke wa mfungwa akifanya vile, akadhani mama wa watu amerukwa na akili.

Halafu akaacha kucheka. Alifahamu kwamba jina lile alilitoa yeye. Alifahamu pia kwamba kumwokoa mumewe hakuna njia ila kumwendea mzungu wa serikali na kumwambia uso kwa uso: bwana, tumempa kiboko cheo chako.

Mlango ukafunguka, akatoka Bwana Shauri mwenyewe, kijana mwembamba, pua imeungua na jua, macho hayajalala. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimepigwa pasi.

“Mama, hapa si mahali pa kucheka. Ni jambo gani likuchekeshalo?”

Loise akasimama, akajipangusa uso. “Bwana, nisamehe. Mume wangu hakukusudia wewe. Bwana Shauri ni kiboko.”

“Ni nini?”

“Ni kiboko, bwana. Anakula mpunga wetu. Jina nilimpa mimi.”

Koplo akatazama mbinguni kama anayetafuta mvua.

“Mama,” akasema Bwana Shauri, “kila mtu aliyekamatwa ana hadithi yake. Hii yako ni ya kuchezea watoto. Lori litaondoka.”

“Waulize watu!”

“Watu wa kijiji chenu watasema lolote umtoe mumeo.”

“Basi muulize asiyekuwa wa kijiji chetu. Asiyejua kama kuna mtu amekamatwa. Muulize yeyote, bwana, hapo mtoni!”

Bwana Shauri akafikiri. Tumpe haki yake, alikuwa mtu wa kufikiri. Pantoni ilikuwa inagota ufukoni wakati ule ule, na wa kwanza kushuka alikuwa Ardo, mama wa Kiorma kutoka ng'ambo, vibuyu vya maziwa mgongoni. Hakuwahi kumwona mzungu huyu. Bwana Shauri akamwita kwa mkono, akamwamuru koplo afunge mdomo, na Loise asimame nyuma ya mlango asionekane.

“Habari, mama. Namtafuta Bwana Shauri. Umemwona?”

Ardo akatua vibuyu vyake. Alimtazama yule kijana mwembamba, akamwonea huruma, akadhani ni mtu wa kupima barabara amepotea.

“Bwana Shauri? Mimi naona yeye jana, jua nashuka. Nalala matopeni, tumbo wazi. Mke yake iko karibu, nene zaidi ya yeye.”

Koplo akakohoa.

“Na... alikuwa anafanya nini?” akauliza Bwana Shauri, na sauti imeanza kumpotea.

“Kwanza nakula mpunga ya watu. Nakula, nakula! Halafu nageuka hivi, nakunya, na mkia nasambaza huku na huku, pa! pa! pa! Kijana, wewe usiende. Yeye hapana penda watu. Kama unataka ona yeye, panda juu ya mti.”

Dereva wa lori alijificha nyuma ya gurudumu. Koplo alikuwa ameuma masharubu yake. Bwana Shauri akaanza kuwa mwekundu, shingo kwanza, kisha masikio, kisha kila kitu. Alimshukuru Ardo kwa adabu sana, akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Watu wote wakasikia kutoka ndani kicheko cha mtu aliyekuwa hajacheka tangu kufika Garsen, na sauti ya mwanamke ikiuliza kuna nini, kisha na yeye akacheka.

Alipotoka alikuwa amevaa tena uso wa kazi.

“Koplo, mfungue.” Kisha kwa Loise: “Lakini jua, mama, kiboko ni mnyama wa serikali. Kumwua bila kibali ni kosa.”

“Basi serikali imfuge, bwana. Imfunge kamba.”

Bwana Shauri nusura acheke tena, akajizuia, na uso wake ukabadilika. Akaegemea nguzo ya kibaraza. “Unaona ni mzaha tu. Nikwambie. Huko bara nilikuwa na rafiki. Aliuawa mezani pake, yeye na mtumishi aliyempikia. Watu walijua kwamba watakuja kumuua, na hapana aliyesema. Mimi nina mtoto mchanga ndani ya nyumba hii. Mtu akija akaniambia kuna shimo na mikuki, je, ningekaa tu?”

Loise alimhurumia. Kweli alimhurumia. Aliziona nepi zimeanikwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, na alikumbuka Sarah alivyokuwa mdogo, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa haachi kumsikiliza mtoto akipumua usiku.

“Bwana, kuogopa ni haki yako. Hata mimi ningeogopa. Lakini naomba nikuulize. Huyo mtu wako, alikuwa karibu na mume wangu siku ile?”

“Karibu sana. Alisikia neno kwa neno.”

“Basi mbona hakumuuliza? Angesema tu, Baba Sarah, Bwana Shauri yupi? Mambo yangeisha pale pale, chai haijapoa. Angecheka na yeye. Lakini hawezi kuuliza, maana mmemweka asijulikane, na akiuliza atajulikana. Kwa hiyo amekuletea nusu ya neno, na kwa nusu hiyo mume wangu amelala kwenye saruji.”

“Mtu asiyejificha haambiwi siri, mama.”

“Siri ipi, bwana? Sisi tulikuwa tunapiga kelele! Na hata tungekuwa na siri, ni zetu. Mume ana lake na mkewe. Sasa nani atafungua mdomo nyumbani kwake, kama lazima kwanza ajue nani anamsikiliza?”

Bwana Shauri akachezea kofia yake. “Sheria sikuitunga mimi.”

“Lakini wewe ndiwe uliyeleta askari shambani kwangu. Niambie basi, huyo mtu ni nani?”

“Hilo siwezi.”

“Basi umenirudishia mume,” Loise akasema, “lakini umeninyang'anya Garsen nzima.”

Wakati huo Jotham alikuwa anatolewa mlango wa nyuma, anasugua viwiko. Loise akamkimbilia, akamkumbatia mbele za watu bila haya. “Baba Sarah! Umeumizwa? Umekula?”

Jotham akatazama kushoto, akatazama kulia, akainamisha kichwa karibu na sikio la mkewe.

“Twende nyumbani,” akanong'ona.

Akanong'ona! Loise alisikia baridi ikimpanda mgongoni katika jua lile la saa nane. Alikuwa amekaa na mtu huyu maisha ya utu uzima wake wote, ameomba mara ngapi apunguze sauti, na sasa ameisikia imepungua, akataka kulia. Wamemfungua mikono, akajisemea, na mdomo wameubakiza ndani.

“Hatuendi nyumbani,” akasema. “Tunakwenda kunywa chai.”

Jotham hakutaka. Alivutwa. Walipoingia kwa Bulle watu wakasimama, wakampa mkono, pole Baba Sarah, Mungu ni mkubwa, pole sana. Kisha wakaketi, na kimya kikarudi. Mtu mmoja akakohoa, akaanza, “Mvua ya mwaka huu...” halafu akajiuliza kama mvua nayo inaweza kumpeleka mtu kambini, akaacha. Mwingine akasema chai ni nzuri. Wote wakakubali kwamba chai ni nzuri. Jotham alikuwa ameinama, mabega yake makubwa yamekunjamana, anakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka zamani.

Loise alivumilia kadiri alivyoweza. Kisha akasimama katikati ya baraza, mikono kiunoni.

“Sikilizeni. Kuna mtu alipeleka maneno ya mume wangu bomani. Pengine yuko hapa, pengine hayuko. Sitamtafuta. Nikianza kumtafuta nitawachungulia nyote kila siku mpaka nife, na mimi sina nafasi, nina mpunga wa kulinda. Lakini kama yuko, namwambia hivi: ukisikia neno na hulielewi, uliza. Sisi si mamba, hatutakumeza. Uliza tu!”

Akaketi. Bulle alikuwa ameshika birika hewani.

Ndipo pale pembeni, ukutani, Gollo fundi makubadhi alipoitoa sindano midomoni. Akaiweka chini taratibu.

“Baba Sarah,” akasema. “Kile kitoto... kitoto cha kiboko. Mlikusudia kukiua kweli, au yalikuwa maneno tu?”

Watu wakageuka. Hapakuwa na mtu barazani aliyewahi kumsikia Gollo akiuliza kitu zaidi ya mguu wa mtu, na swali lile halikuhitaji kufasiriwa.

“Waliniambia nisipowaletea neno, nitafukuzwa Garsen,” akasema. “Habari ya kiboko nimeisikia leo tu; jana niliamini ni yeye kweli. Nilitaka kuuliza. Wallahi, nilitaka kuuliza, nikaogopa.”

Loise alikuwa ameahidi kutommeza, lakini damu ilimchemka. Alikitazama kikombe chake, akakitazama kichwa cha Gollo, akapima umbali. Alimchukia kwa moyo wote kwa muda wa kumeza funda moja. Jotham naye akainuka, pole pole, akasimama mbele ya yule fundi, na kivuli chake kikamfunika. Watu wakavuta miguu yao, wakajua hapa kuna mtu anavunjwa mbavu.

“KITOTO HATUGUSI!” Jotham akasema, na kuku waliokuwa mlangoni wakaruka hadi ng'ambo ya barabara. “Maneno tu! Nani aue kitoto cha kiboko, ana wazimu? Hata huyo baba mtu tumemchimbia shimo tangu mpunga ukiwa mdogo, na kila siku analizunguka! Jana ndimi niliyetumbukia!”

Lahaula! Baraza ikapasuka. Bulle, ambaye hajawahi kuonekana meno, alicheka ndevu zikatikisika, chai ikamwagika kaunta nzima. Gollo alicheka huku analia, akijifuta uso na kipande cha ngozi. Loise alicheka kuliko wote, si kwa sababu ya shimo, bali kwa sababu masikio yalikuwa yanamuuma kwa ile sauti, na hakuwahi kupendezwa na kitu kama maumivu yale.

Sasa, msidhani kwamba boma lilimwacha Gollo. Boma lilitaka maneno yake kama kawaida, na Gollo hakuwa na pa kwenda. Lakini tangu siku hiyo alikuwa na desturi mpya. Kila alipoitwa huko alisimama kwanza barazani, akasema yote anayokwenda kuyasema, na watu wakamsahihisha. “Sukari haipatikani, nimesikia sawa?” “Sawa, lakini sema na chumvi.” “Jotham amemlaani Bwana Shauri.” “Yupi?” “Wa mtoni.” “Haya, hilo eleza vizuri, tafadhali!” Wapo waliokuja kunywa chai kwa ajili ya kumsikia tu.

Siku moja, kabla hajaondoka, Loise akamsimamisha.

“Ongeza jambo. Sema Mama Sarah anasema kumfunga mtu bila kumuuliza ni uonevu. Sheria hiyo iondolewe, na walioko kambini huko juu warudishwe kwao, au wapelekwe mbele ya hakimu.”

Vicheko vyote vikakatika. Hakuna aliyekuwa amesema neno kama hilo barazani, hata kabla ya masikio kuwekwa. Gollo akashusha sauti.

“Mama Sarah, hilo ndilo wanalolitafuta. Nikilifikisha wanaweza kukufuata wewe. Nimelisikia sawa, au nimekosea?”

Alikuwa anampa njia ya kutokea, na kila mtu aliiona. Loise aliiona pia. Alimtazama Jotham. Jotham alikuwa mweupe midomo, lakini hakumtikisia kichwa.

“Umelisikia sawa,” akasema Loise. “Lipeleke la kwanza. Na useme ni mimi.”

“Na mimi!” akanguruma Jotham.

“Na mimi,” akasema Bulle kutoka nyuma ya kaunta, kwa sauti ndogo lakini iliyosikika.

Gollo akajipangusa mikono, akavaa makubadhi yake, akasimama mlangoni akiwatazama mmoja mmoja kana kwamba anawapima miguu.

“Na mimi,” akasema, akashika njia ya bomani.